Kabla Uitupe Hiyo Tembe, Jua Ilikotoka

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Najua wengi wenu mliiacha darasani, lakini hii inakuhusu kama wewe ni kijana na daktari amekuandikia dawa ya depresheni. Vitabuni wanaiita sonona, redioni utasikia msongo wa mawazo, mtaani tunasema tu msee amelemewa. Mimi hunywa tembe moja kila asubuhi, huu ni mwezi wa kumi na moja. Na kila nikisema hivyo hadharani, hakosi mtu wa kuniambia ati huo ni ugonjwa wa wazungu.

Hiyo kauli ina mwenyewe. Daktari wa kikoloni anayeitwa J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari hapa Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake akadai depresheni ni nadra sana kwetu. Lakini fikiria, yeye alikuwa anaona nani? Waliofikishwa Mathari mara nyingi walikuwa wale waliosumbua watu. Mama aliyejifungia nyumbani analia kimya kimya, angemwona wapi? Wataalamu Waafrika kama Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria walikuja kuyapinga mawazo hayo. Kwa hivyo mjomba wako akisema Mwafrika hana depresheni, hiyo si mila yetu. Ni maneno ya mkoloni yamevaa shati la mjomba.

Sasa, miaka hiyo hiyo Carothers akiandika, dawa zenyewe zilipatikana kwa bahati tu. Mwaka wa 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, madaktari walikuwa wanajaribu dawa mpya za kifua kikuu. Moja iliitwa iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamelala wakingoja kufa wakaanza kula, kucheka, wengine kucheza dansi wodini. Kufikia 1957, daktari Nathan Kline alikuwa ameijaribu kwa watu wenye depresheni, na wengi wakapata nafuu.

Watu wakaikimbilia. Halafu mambo yakawa noma. Wengine ini likaharibika, na 1961 dawa hiyo ikaondolewa sokoni Marekani. Kisha mfamasia mmoja Mwingereza akaandika kwamba mke wake, aliyekuwa anatumia dawa ya familia hiyo, huumwa vibaya na kichwa kila akila jibini. Wengine walicheka, lakini daktari kijana wa London, Barry Blackwell, akalifuatilia na 1963 akachapisha alichopata. Kumbe jibini iliyokomaa ina kitu kinachoitwa tairamini. Dawa ile ilizuia mwili kuivunja, presha ikapanda ghafla, na kuna waliokufa. Ndiyo maana daktari anakuuliza unakula nini, unakunywa nini, na unatumia dawa gani nyingine. Hakuchunguzi kama polisi. Ukiwa unatumia tramadol, miraa au pombe, mwambie ukweli. Tramadol pamoja na dawa nyingi za depresheni inaweza kukuletea sumu ya serotonini: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio.

Uswisi nako, katika hospitali ya Münsterlingen, Roland Kuhn alikuwa anajaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa. Akawapa wenye depresheni, na 1957 akatangaza kwamba inawasaidia. Aliona mambo mawili ambayo mpaka leo ndiyo yanatushinda vijana. Moja, nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mbili, ukiacha mapema ugonjwa unarudi. Sisi tumezoea Panadol, saa moja maumivu yameisha. Ukimeza hii siku tano ukaona kichefuchefu tu na hakuna furaha, unasema ni uongo, unatupa. Kumbe madhara madogo huja kwanza, faida huja nyuma.

Na ukipata nafuu, usikate ghafla. Mwili ushazoea. Kizunguzungu, usingizi kupotea, hasira, hata kuhisi kama shoti ya umeme kichwani, hayo yote yanaweza kukupata. Daktari ndiye hupunguza dozi polepole, na kwa wengi ni miezi sita au zaidi baada ya kupona. Pia usigawane tembe na rafiki. Dawa za kizazi cha imipramini, kama amitriptilini ambayo bado inatumika kwa sababu ni ya bei nafuu, zikizidi zinaweza kusimamisha moyo. Kama una mawazo ya kujidhuru, mwachie mtu unayemwamini akuwekee.

Prozac, yaani fluoksetini, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987. Ukizidisha, hatari yake ni ndogo kuliko ya zile za zamani, na dunia ikadhani kazi imeisha. Lakini mwaka wa 2004 wadhibiti wa dawa wa Marekani walipitia majaribio 24 ya watoto na vijana. Kati ya waliopewa dawa za depresheni, kama 4 kwa 100 walipata mawazo au vitendo vya kujiua. Waliopewa tembe bandia walikuwa kama 2 kwa 100. Hakuna aliyekufa katika majaribio hayo, lakini onyo likawekwa, na 2007 likaongezwa hadi umri wa miaka 24. Huo ni umri wetu, wasee. Maana yake si kwamba uikimbie dawa. Maana yake ni kwamba wiki za kwanza, na kila dozi inapobadilishwa, usikae peke yako. Mtu ajue. Mawazo yakizidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa kwetu kusema hivyo kulitisha, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo sema. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haina malipo.

Mimi sisemi kila mtu anywe tembe. Kuna wanaosaidiwa na ushauri nasaha pekee, wengine wanahitaji vyote viwili, na wanasayansi bado wanabishana jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi. Ninachosema ni kwamba kila agizo kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti lina mtu aliyeumia kabla likaandikwa. Isome. Maswali mpelekee daktari, si mjomba.