Nyaatha wa Gikondi

Yamkini wewe, msomaji, husali kila asubuhi kabla ya masomo, ukakiri kwamba Mungu ni mwema. Ni maneno mepesi kwa mtu aliyelala salama na kunywa uji wake. Lakini palikuwa na watu ambao midomoni mwao yalikuwa mazito.

Zamani Wakikuyu waliomba wakiuelekea mlima wa Kirinyaga, na Yule waliyemwomba walimwita Ngai. Wamisionari wa Consolata walipofika Tuthu mwaka 1902, jina hilo halikutupwa. Ndilo lililoingia katika sala za Kikristo za nchi ile. Basi mtawa kijana, Irene Stefani, mzaliwa wa Anfo katika Italia, alipokuja mwaka 1915, alijifunza kumwita Mungu kwa jina ambalo wazee walilitamka kabla yake.

Hakukaa sana akachukuliwa na Vita Kuu. Waingereza walikuwa wamewakusanya wapagazi wengi mno wawabebee mizigo hata nchi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu yao walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. (Ukipita Kariokor ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, kumbuka kwamba majina hayo yametokana na kikosi chao.) Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kila siku alisali, kisha akaenda kuosha vidonda vya watu ambao pengine jioni wangezikwa. Mimi sidhani kwamba katika sala zile alipewa sababu ya mateso yale. Alipata nguvu ya kurudi kesho yake, basi.

Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, upande wa Mukurwe-ini. Huko alifundisha, akapanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatazama wagonjwa, akawaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikwenda kutafuta kazi mbali. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Jina hilo hakulipewa na askofu.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Irene alimwuguza mwalimu mmoja aliyeambukizwa, naye akaambukizwa vilevile. Alifariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama Mungu ni mwema, mbona hakumkinga?" Nilinyamaza kitambo. Kisha nikamwambia kwamba Irene aliona watu wema wakifa tangu Voi, wala hakuacha kusali. Kwa hiyo wema aliouamini haukuwa ahadi ya kukingwa na kifo. Kijana alitikisa kichwa. Hakuridhika, nami sikumlaumu.

Tarehe 23 Mei 2015, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alikuja Nyeri kumtangaza Mwenye Heri. Umati ulijaa uwanjani, nao walimwita Nyaatha.