Vitasa vya mota umeme unapokatika

Kitasa cha mota ni kitasa ambacho ulimi wake wa chuma husukumwa na kurudishwa na mota ndogo ya umeme badala ya ufunguo unaozungushwa kwa mkono. Hutumika katika benki, ofisi, hoteli na maghala, na jamaa zake wa karibu ni mageti yanayojisogeza na milango ya bati inayojiviringisha juu. Kwa mji kama Musoma, na hasa kata ya Mwigobero yenye mwalo na soko kando ya Ziwa Victoria, suala la kitasa hiki haliwezi kutenganishwa na gridi ya taifa, maana hitilafu iliyotokea mbali huweza kuufikia mkoa mzima wa Mara. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi hiyo ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Mlango unaotegemea mota lazima upimwe kwa usiku wa namna hiyo.

Tabia ya mota huwapotosha wanunuzi wengi. Kitasa cha sumaku hushikilia mlango kwa mkondo wa umeme usiokoma, kwa hiyo mkondo ukikatika sumaku huachia yenyewe. Mota haiachii chochote. Hubaki pale umeme ulipoiacha. Ulimi uliokuwa nje unabaki nje na mlango umefungwa, uliokuwa ndani unabaki ndani na mlango u wazi, na ule ulionaswa katikati ya safari huweza kuukwamisha mlango kabisa. Muuzaji akidai kuwa kitasa chake hujifungua umeme ukikatika, aulizwe kinajifungua kwa nguvu gani: springi, betri, au umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita? Asipokuwa na jibu, dai lake halina msingi. Hata hivyo mota ina sifa moja njema, kwamba hula umeme inapotembea tu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ikibeba sumaku inayotumia nusu ampea huisha, kwa hesabu ya karatasi, baada ya saa 14. Mota inayotumia ampea moja kwa sekunde mbili ingefungua na kufunga maelfu ya mara kwa betri hiyohiyo, ila bodi yake ya kielektroniki, isiyolala, ndiyo itakayoimaliza mapema zaidi.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba betri nzuri, au jenereta, inamaliza tatizo. Haimalizi. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta iliyohudumia sehemu ya majengo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ilikataa kuwaka. Na huo ni uwanja wenye mafundi zamu zote. Betri za risasi nazo huchakaa kimyakimya: zikikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 hivi, maisha yake hupungua karibu nusu, na kisanduku cha betri kilichofungwa chini ya bati ni cha joto kweli. Kwa hiyo betri ihesabiwe kuwa ni ya kuendeleza huduma, wala uhai wa mtu usiwekwe juu yake. Uhai unahitaji mpini wa ndani ulioungana na ulimi kwa chuma, unaoshushwa kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo wala kadi. Vyumba vya baridi vya viwanda vya minofu ya sangara huhitaji jambo hilihili: aliye ndani aweze kusukuma na kutoka hata kama mlango umefungwa kwa nje.

Pingamizi kubwa dhidi ya mpini huo ni hofu ya wezi, na si la kupuuzwa, kwa sababu giza ndilo wanalolingojea. Lakini linachanganya pande mbili za mlango mmoja. Upande wa nje unaweza kubaki umefungwa muda wote wa giza, ukifunguliwa kwa ufunguo wa kawaida tu ambao mlinzi au msimamizi anao mwilini (si ndani ya droo ya ofisi iliyofungwa na kitasa hichohicho), huku upande wa ndani ukiwa huru. Anayeufunga pia upande wa ndani ajue gharama yake. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kufuli la pale halikuwa la umeme, lakini moshi haubagui aina ya kufuli. Chumba cha hazina cha benki kinaweza kubaki kimefungwa kabisa, mradi kihakikishwe kwanza kuwa hakina mtu. Magereza na wodi za wagonjwa wa akili hazina njia hiyo ya mkato. Huko lazima pawe na mtu mwenye funguo aliye macho usiku kucha.

Majaribio nayo yafanywe ipasavyo. Kubonyeza kitufe umeme ukiwepo hakuthibitishi lolote. Swichi kuu izimwe, kisha betri ichomolewe pia, halafu mtu asiyekizoea kitasa ajaribu kutoka. Mlango wa bati ujaribiwe kwa mnyororo wake wa mkono, na geti kwa ufunguo wa kuachia mota, kabla kutu ya hewa ya ziwani haijavikwamisha. Umeme unaporudi, baadhi ya vitasa huusogeza ulimi vyenyewe ili kujua ulipo, na geti laweza kuanza kutembea bila onyo. Basi mota iliyoachiwa kwa mkono isirudishwe kazini hadi njia iwe tupu na vidole viwe mbali na fremu.