Kukosa Usingizi Kwale: Kutoka Kayamba hadi Kidonge

Mkongani, kaunti ya Kwale, pembezoni mwa misitu ya Shimba Hills, kukesha si jambo geni. Tembo wakishuka mashambani, mwenye mahindi hukoka moto na kupiga madebe hadi alfajiri. Lakini Wadigo na Waduruma, wenyeji wa Kwale, wanajua pia mkesha wa aina nyingine: nyumba imetulia, chandarua kimeshushwa, na usingizi hauji, mwezi baada ya mwezi. Huo tangu zamani ulitafutiwa mganga.

Safari ilianzia kwa mganga wa mburuga, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga ramli na kutaja kinachomsumbua mtu. Akisema ni pepo, mwele alipelekwa kwa mganga mwingine, akafukizwa na kuogeshwa vuo, yaani maji yaliyotiwa majani ya dawa. Pepo akikaidi, iliitishwa ngoma ya kayamba. Chombo chenyewe ni bapa, cha matete yaliyofungwa pamoja, na ndani mna mbegu zinazolia kikitikiswa. Wapigaji walibadili wimbo baada ya wimbo usiku kucha, wakitafuta ule utakaomwamsha pepo aseme anataka nini.

Mtafiti Roger Gomm aliandika habari za mapepo ya pwani hii ya kusini katika jarida la Man mwaka 1975. Aliona kwamba waliopandwa mara nyingi walikuwa wake za watu, na kwamba pepo alimdai mume vitu ambavyo mke mwenyewe asingethubutu kuvidai. Mtu anaweza kuyakataa mapepo yote, lakini hili halikataliki: usiku wa kayamba mwanamke alisikilizwa na jamaa zake wote.

Wadigo waliposilimu kwa wingi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, kombe nalo likashika nafasi yake. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huziosha kwa maji, na mgonjwa huyanywa.

Serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi mwaka 1910, ile inayoitwa Mathari. Kwa mtu wa Mkongani, huko kulikuwa mbali mno.

Vidonge ndivyo vilivyofika. Ujerumani ilikuwa imetoa Veronal mwaka 1903, dawa iliyolaza watu na kuua waliozidisha. Mwaka 1963 ikaja Valium, yaani diazepamu, yenye hatari ndogo kuliko hiyo lakini yenye mtego wake: mwili huizoea, dozi hupanda, na anayeiacha ghafla huweza kukesha zaidi kuliko awali. Mzee akiinywa huweza kupepesuka na kuanguka usiku. Ndugu ya Valium, Rohypnol, aligeuka ulevi wa vijana mitaani pwani, wakamwita bugizi.

Tiba bora ilipatikana kwingine. Mwaka 1972 Mmarekani Richard Bootzin alifundisha kwamba asiyelala aondoke kitandani, arudi akisinzia tu. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaonyesha faida ya kupunguza saa za kukaa kitandani: anayepata usingizi wa muda wa saa 5 asijilaze kwa muda wa saa 9, aamke saa ileile kila siku, kisha aongezewe muda kidogo kidogo. Siku za mwanzo usingizi wa mchana ni mzito, kwa hiyo dereva wa bodaboda ahadhari. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani kilipendekeza tiba hii, pamoja na mazungumzo ya kutuliza hofu ya kutolala, itangulie vidonge kwa watu wazima.

Haihitaji mashine wala wodi. Inahitaji mtu aliyefunzwa, atakayemwona mgonjwa mara 4 hadi 8, na kumuuliza kwanza kuhusu maumivu, huzuni, kukoroma na muguka, majani yanayotafunwa na kufukuza usingizi. Tangu 2013 afya imo mikononi mwa kaunti, na Kwale inaweza kuwafunza wauguzi wake kazi hii. Nawe uliyekosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nenda kituo cha afya uulizie tiba hiyo kabla hujanunua kidonge dukani.