Shaba Ilivyotembea Ndani ya Kalibu
Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumika kama fedha, ilisubiwa katika kalibu za wazi. Karne ya 19 shaba ya Katanga iliuzwa hadi masoko ya Ziwa Tanganyika.

Tazama ncha za mikono ya msalaba. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi. Ikimiminwa bila joto la ziada huganda njiani, na mkono hubaki butu. Ikimiminwa kwa pupa, mkondo huvurugika, hubeba hewa na kukunjia ndani utando wa oksidi uliokuwa juu. Hapo ndipo panapozaliwa vitundu na nyufa. Unyevu wa kalibu nao hugeuka mvuke, ukaitoboa shaba kutoka chini.

Tafadhali usiguse: jasho la mkono hula shaba.