Kilimi, Moshi na Mbavu: Namna Wazee Wetu Walivyoelewa Kikohozi cha Watoto

Kati yetu tunaoandika kitabu hiki, wengi tulikatwa kilimi. Hatukumbuki kisu, maana tulikuwa wadogo sana. Lakini munganga akituambia tufungue kinywa, anaona mara moja: kule nyuma, pale panapopaswa kuning'inia kale kanyama kadogo, hamna kitu. Sisi wa milima ya Kivu hatuko peke yetu. Rwanda na Burundi wanakata, Tanzania wanakata, Ethiopia na Nigeria vilevile. Na ukiuliza sababu, jibu ni moja karibu kila mahali: mutoto alikuwa anakohoa, hakupona.

Tunapenda kueleza hapa wazo hilo lilitoka wapi, kwa sababu wasomi wetu wengi wanalicheka bila kulijua.

Kilimi maana yake ni ulimi mdogo. Mama akiangalia ndani ya koo ya mtoto mwenye kukohoa usiku mzima, anaona koo nyekundu, na kilimi kimevimba, kimekuwa kirefu. Anafikiri kwamba kinagusa nyuma ya ulimi, kinamkwaruza mtoto, njo maana anakohoa na kutapika. Ni wazo la mtu mwenye macho mazuri. Kosa ni dogo tu: alichokiona ni alama ya ugonjwa, akadhani ndicho chanzo. Koo ikiwaka, kilimi kinavimba pamoja nayo.

Tena tusifikiri kwamba ni ujinga wa Waafrika. Wagiriki wa kale walikata kilimi, na maandiko ya shule ya Hippocrates yanaonya kwamba ni hatari kukikata kingali chekundu na kimevimba. Huko Ulaya, mpaka karne ya 19, waganga walikuwa na chombo maalumu cha kukatia kilimi, na kikohozi kisichoisha kilikuwa moja ya sababu zao. Wale waliokuja kutuambia kwamba desturi hii ni ya kishenzi, babu zao waliifanya.

Kwa nini basi desturi ilidumu, kama haiponyeshi? Tunaona jibu liko katika siku. Kikohozi cha mafua kinaisha chenyewe kwa juma moja au mawili, wakati mwingine matatu. Kifaduro, kile kikohozi kinachomkunja mtoto mpaka macho yanatoka na mwishoni anavuta pumzi kwa kulia kama jogoo, kinaweza kuchukua miezi miwili au mitatu, halafu kinapungua polepole. Sasa, mkata kilimi anaitwa lini? Haitwi siku ya pili. Anaitwa wakati familia imechoka, dawa za majani zimeshindwa, asali imeisha. Yaani anafika wakati kikohozi kilikuwa tayari kinaelekea kwisha. Mtoto akipona, sifa ni ya kisu. Mtoto akifa, wanasema walichelewa kumleta, ao kuna mtu alimloga.

Kifaduro chenyewe kina historia inayotugusa. Mwaka 1906, kule Bruxelles, Jules Bordet na Octave Gengou walifaulu kukamata na kukuza mikrobi yake. Ilikuwa miaka miwili kabla Kongo haijatoka mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili na kuwa koloni ya Ubelgiji. Bordet alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1919, ijapokuwa kwa kazi nyingine juu ya damu. Chanjo ilikuja nyuma. Leo watoto wetu wanaipata pamoja na nyingine katika sindano moja, wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na tangu mwaka 2011 Kongo imeongeza chanjo ya pneumokoki, mmoja wa wadudu wakubwa wa nimonia.

Juu ya moshi, hapo wazee wetu hawakuona kosa, na tunaelewa kwa nini. Katika nyumba za nyasi moto uliwaka katikati, bila dirisha. Moshi ulikausha paa, ulifukuza mbu, ulitunza mahindi yaliyoning'inizwa juu. Milimani usiku ni baridi. Nani angesema kwamba moto ni adui? Lakini mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mama anayepika anavuta moshi ule ule, na mapafu yake ni madogo. Nyasi zimekwenda, mabati yamekuja, lakini kuni na mbabula vimebaki. Leo inajulikana wazi kwamba moshi wa jikoni unaongeza nimonia kwa watoto.

Kuna jambo moja ambalo wazee walijua vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Walisema kwamba surua ikikosa kutoka nje inaingia ndani. Upele si ndio unaoua, ni kweli. Surua inaua zaidi kwa njia ya mapafu: mtoto anaanza kukohoa, pumzi inakuwa mbio, anakwenda. Kule Kasongo, katika Maniema, miaka ya 1970, kikundi cha waganga wakishirikiana na chuo cha Antwerpen walichanja watoto dhidi ya surua, wakawafuata kuona nani anaishi. Waliandika matokeo mwaka 1981 katika gazeti la waganga The Lancet. Walikuwa na mashaka: labda mtoto aliyeokolewa na surua atakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Uchunguzi uliofuata, kama ule wa Bangladesh, ulionyesha kwamba waliochanjwa waliendelea kuishi zaidi. Na mahali chanjo inapokosekana, tunajua bei yake: katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, surua iliua watu zaidi ya 6.000 katika nchi yetu, wengi wao watoto.

Turudi ku mbavu. Koko zetu walimlaza mtoto mapajani, wakamfungua nguo, wakaangalia ubavu. Ubavu ukiingia ndani kila anapovuta pumzi, walinyamaza, kisha wakatuma mtu kumwita baba. Leo muuguzi wa kituo cha afya anafundishwa jambo lile lile: kuangalia kifua kinachoingia ndani, na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha 50, ao wa mwaka 1 mpaka 5 akifikisha 40, anahesabiwa kuwa na nimonia na anapewa antibiotiki. Koko hawakuwa na saa wala antibiotiki. Macho walikuwa nayo.

Hatari ya kisu, basi, si damu tu, wala pepopunda, wala wembe mmoja unaopita katika vinywa vingi. Ni siku zinazopotea. Mtoto wa nimonia hana siku tatu za kungojea kidonda kikauke.

Tulimtembelea mzee mmoja anayekata bado, mtaani kwetu. Hakutuficha. Alisema: «Mutoto akija, naangalia mbavu kwanza. Nikiona zinacheza, namwambia mama, peleka huyu ku munganga, mimi sina kisu ya mbavu.» Tukamuuliza, na kama hazichezi? Akasema anakata. Wateja wanakuja hasa miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, wakati wa vumbi.