Kesi ya Gillick (1985)

Kesi ya Gillick ni shauri lililoamuliwa tarehe 17 Oktoba 1985 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, nalo ni msingi wa sheria ya England na Wales kuhusu ridhaa ya wazazi, yaani kibali cha mzazi kabla mtoto hajatibiwa, pale msichana wa umri chini ya miaka 16 anapotafuta dawa za kuzuia mimba.

Chanzo chake ni waraka wa wizara ya afya wa mwaka 1980, uliomruhusu daktari, katika hali za kipekee, kumpa msichana wa umri huo dawa hizo bila mzazi kujua. Victoria Gillick, aliyekuwa na mabinti watano, alidai ahadi kwamba wao wasingepewa bila idhini yake; aliponyimwa alishtaki, akashindwa Mahakama Kuu mwaka 1983, kisha akashinda kwenye rufaa Desemba 1984. Katika miezi iliyofuata wasichana wa umri huo walipungua kwenye kliniki, jambo linaloonyesha kuwa hofu ya kufichuliwa humtenga kijana na daktari, bila kuwa lazima imtenge na ngono.

Malodi watatu dhidi ya wawili walitengua ushindi huo. Lodi Scarman alieleza kuwa haki ya mzazi ipo kwa ajili ya kumlinda mtoto, na hupungua kadiri mtoto anavyopata akili ya kuelewa jambo linaloamuliwa. Uelewa huo huitwa uwezo wa Gillick. Lodi Fraser aliweka masharti: msichana aelewe ushauri, awe hashawishiki kuwaambia wazazi, aelekee kufanya ngono kwa vyovyote vile, afya yake iwe hatarini asiposaidiwa, na manufaa yake yadai hivyo. Sharti la pili husahauliwa mno, ilhali ndilo linalomtaka daktari kwanza ajaribu kumrudisha msichana kwa wazazi wake. Lodi Brandon alipinga kwa hoja nzito kwamba kumwingilia msichana wa umri huo ni jinai. Hata baada ya uamuzi huo, mhudumu anayeshuku unyonyaji wa kingono hafungwi na usiri.

Afrika Kusini ilifuata njia nyingine: Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 imeweka umri maalumu, miaka 12, kwa anayeomba dawa za kuzuia mimba bila ridhaa ya mzazi.