PGP: Programu Iliyohesabiwa kuwa Silaha
Mwaka 1991, Phil Zimmermann, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitoa bure programu ya PGP pamoja na msimbo chanzo wake, yaani maagizo ambayo mwanaprogramu huyaandika na ambayo wenzake wanaweza kuyasoma na kuyakagua. Programu hiyo ilifanya usimbaji fiche, ambao ni ufundi wa kuvuruga maandishi ili yasisomeke ila na mwenye ufunguo, na ilitegemea wazo lililochapishwa na watafiti Diffie na Hellman mwaka 1976: kila mtu ana funguo mbili, mmoja wa kugawa kwa yeyote anayetaka kumwandikia, na mwingine wa siri, ambao peke yake ndio unaofungua barua hiyo.

Kwa kuwa sheria za Marekani za wakati huo ziliuhesabu usimbaji wenye nguvu kuwa miongoni mwa silaha zisizoruhusiwa kupelekwa nje bila kibali, na programu ilikuwa imekwisha kuenea nje ya nchi kupitia intaneti, Zimmermann alichunguzwa na serikali kuanzia mwaka 1993. Jibu lake lilikuwa la kijanja kweli: mwaka 1995 aliuchapisha msimbo wote kama kitabu kupitia shirika la uchapishaji la MIT Press, kwani kitabu, tofauti na diski, kililindwa na uhuru wa uchapishaji, na aliyekipata ng'ambo angeweza kuzipitisha kurasa zake kwenye skana na kuupata tena msimbo huo. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka yoyote.